Mzio, Bwaki na Maziwa ya Kopo: Historia ya Shaka juu ya Maziwa ya Mtoto katika Butembo na Beni

1.0 Utangulizi

Mtoto anapotimiza miezi sita na kuanza kuonjeshwa uji, nyumba nzima humtazama. Akiharisha, akitapika au akitokwa na vipele, hutafutwa mara moja kitu cha kulaumiwa. Katika miji ya Butembo na Beni, mkoani Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kitu hicho huweza kuwa maziwa: ama maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa ndani ya uji, ama maziwa ya unga yaliyonunuliwa dukani. Mama atasema kwamba maziwa yamemkataa mtoto. Bibi wa mtoto ataulizia kama mama amekwisha kushika mimba nyingine. Muuguzi wa kituo cha afya atatumia neno la Kifaransa. Wote watatu wanamtazama mtoto mmoja na kikombe kimoja, lakini yamkini hawazungumzii jambo moja.

Makala haya yanachunguza historia ya shaka hiyo. Hoja yake ni kwamba kuyashuku maziwa si ujinga wa akina mama, kama ilivyodaiwa mara nyingi katika maandishi ya wakati wa ukoloni na hata baada yake. Kwa muda wa karibu miaka mia moja maziwa yasiyo ya mama yamewafikia watoto wa eneo hili katika sura mbalimbali: kama silaha ya sera ya uzazi, kama dawa, kama msaada, kama bidhaa, na hatimaye kama chakula cha dharura. Katika kila sura yaliokoa baadhi ya watoto na kuwadhuru wengine. Isitoshe, madhara yenyewe yalikuwa ya aina tatu zisizofanana, nayo yakaitwa kwa jina moja. Kuzichanganya aina hizo si kosa la maneno matupu. Mtoto anyimwaye maziwa bila sababu katika nchi isiyo na nyama wala samaki wa kutosha huweza kuangukia katika utapiamlo. Na mtoto mwenye mzio wa kweli anayeendelea kupewa maziwa huweza kudhurika vibaya.

2.0 Ziwa, maziwa na mzio

Inafaa kuanza na lugha, kwa kuwa ndiyo inayobeba shaka yenyewe. Katika Kiswahili, neno ziwa lina maana ya titi la mama, na wingi wake, maziwa, ni matiti na pia ni kinywaji kitokacho humo. Neno hilohilo hutumika kwa kinywaji kitokacho kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia, na siku hizi kwa unga uliomo ndani ya kopo. Kumwachisha mtoto ziwa, au kumlikiza, ni kumtenga na titi. Hivyo Kiswahili hakina jina moja linalotenga maziwa ya mama na maziwa ya mnyama. Lazima msemaji aongeze maelezo.

Lugha nyingine za eneo la Maziwa Makuu zimefuata njia tofauti. Katika Kinyarwanda, amata ni maziwa ya ng'ombe, ilhali maziwa ya mama huitwa amashereka. Msemaji wa lugha hiyo hawezi kuyachanganya mambo hayo mawili hata akitaka. Muuguzi anayezungumza Kiswahili na kumwuliza mama wa Butembo, "Mtoto anapata maziwa?" ameuliza swali lenye majibu mawili, na huenda asijue ni lipi alilojibiwa.

Neno la pili ni mzio. Leo wataalamu wa tiba wanalitumia kwa maana ya hali ambamo kinga ya mwili inapigana na kitu kisicho na madhara kwa watu wengine. Lakini maana yake ya zamani katika Kiswahili ni pana zaidi: mzio ni kitu ambacho mtu hujizuia nacho, hasa chakula, kwa sababu ya mila, ya agizo la mganga, au kwa sababu kinamdhuru. Neno hili ni ndugu wa umuziro wa Kinyarwanda, lenye maana ya mwiko, na wa omuziro wa Luganda, ambalo ni mnyama au kitu cha ukoo ambacho watu wa ukoo huo hawakili. Kiswahili kimedondosha sauti ya katikati, kama kilivyofanya katika neno njia, ambalo kwa Kinyarwanda ni inzira.

Mizizi hiyo inatufundisha jambo. Kabla ya daktari yeyote kufika, jamii za eneo hili zilikwisha kutambua kwamba chakula kinachomfaa mmoja huweza kumkataza mwingine, na kwamba wakati na mchanganyiko wa vyakula una maana. Wahima wa Ankole, kwa mfano, walikuwa na miiko mikali juu ya kunywa maziwa baada ya kula baadhi ya vyakula vya shambani. Wanande, ambao ndio wengi katika Butembo na Beni, walikuwa kwanza wakulima, na ng'ombe hakuwa nguzo ya maisha yao kama alivyokuwa kwa Wahima. Chakula cha mtoto wao kilitoka hasa shambani: ndizi, viazi, maharagwe, ulezi, na baadaye mihogo na mahindi. Maziwa ambayo mtoto alitegemea yalikuwa ya mama yake. Kwa hiyo maziwa ya ng'ombe yalipoletwa kwa wingi na watu wa nje, hayakuwa chakula kilichorudi bali mgeni aliyebisha hodi.

3.0 Ukoloni na muda wa kunyonyesha

Butembo ilianza kukua kama mji mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa kifupi cha MGL, ilipoweka shughuli zake katika nyanda hizo za juu. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyogawa ardhi kwa walowezi wa Kizungu, na baadhi yao wakajipatia mashamba huko Lubero, kusini mwa Butembo, penye baridi ya kutosha kwa mboga na nafaka za Ulaya. Mwaka 1929 waliwasili Wamisionari Waasumsionisti, na katika miaka ya 1930 daktari Mmarekani Carl Becker alijenga hospitali huko Oicha, kaskazini mwa Beni. Migodi na mashamba yalihitaji wafanyakazi. Na wafanyakazi, kwa hesabu ya serikali, walitokana na watoto waliozaliwa na kuishi.

Hapo ndipo titi la mama lilipogeuka kuwa suala la siasa. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1988 juu ya Kongo ya Kibelgiji, ameonyesha jinsi maofisa, mapadre na makampuni walivyotiwa wasiwasi na desturi ya akina mama wa Kongo kunyonyesha kwa miaka miwili au mitatu huku wakijitenga na waume zao. Desturi hiyo iliwapa watoto nafasi ya kukua kabla ya mwingine kuzaliwa. Kwa wakoloni, hata hivyo, ilikuwa ni kuchelewesha uzazi na tena ni kichocheo cha ndoa za wake wengi. Chama cha Kulinda Watoto Weusi, kilichoundwa na Wabelgiji mwaka 1912, pamoja na kliniki zilizoigwa kutoka vituo vya Ulaya vya kugawia maziwa, vilikusudia kuwafundisha akina mama kulikiza mapema na kuwapa watoto maziwa ya ng'ombe na uji.

Yapaswa kukumbukwa kwamba desturi ya kutenganisha uzazi haikuwa ya Kongo peke yake. Katika pwani ya Afrika Mashariki, wazazi wanaorudiana mapema husemwa kwamba wamembemenda mtoto, yaani wamemdhoofisha. Lugha ya lawama hiyo ni ya maadili, lakini jambo lililoangaliwa ni la kweli: mtoto aondolewaye kifuani kabla ya wakati hudhoofika. Swali la bibi katika utangulizi wa makala haya, la kuulizia mimba, lina asili yake hapa.

4.0 Bwaki na unga mweupe

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto wenye kuvimba miguu, ngozi kubabuka na nywele kubadilika rangi. Miaka miwili baadaye aliuita kwa neno la Kiga, kwashiorkor, ambalo alilifafanua kuwa ni ugonjwa wa mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Katika Kiswahili cha Tanzania ugonjwa huo umepewa jina la unyafuzi. Katika Kivu watu huuita bwaki, neno linalotumika pia nchini Rwanda. Hivyo basi tangu pwani ya magharibi hadi milima ya Kivu, wazee walikwisha kuuhusisha ugonjwa huo na kipindi kilekile: mtoto anapoacha ziwa na kuanza kutegemea chungu cha nyumbani.

Mwaka 1950 John Brock, kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani, na Marcel Autret, kwa niaba ya Shirika la Chakula na Kilimo, walizunguka nchi kadhaa za Afrika, Kongo ya Kibelgiji ikiwa mojawapo. Ripoti yao ya mwaka 1952 ilitangaza kwamba kwashiorkor ilikuwa tatizo kubwa la lishe katika bara hili, na kwamba chanzo chake kikuu ni upungufu wa protini. Kama tatizo ni protini, basi dawa ilionekana wazi. Marekani na nchi nyingine zilikuwa na malundo ya maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, mabaki ya utengenezaji wa siagi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF, lilianza kuyasafirisha hadi Afrika ya kati, na kliniki zikayagawa kwa vikombe na kwa mifuko.

Kivu ikawa mahali pa utafiti. Taasisi ya utafiti wa kisayansi, IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilijenga kituo chake kikuu Lwiro, karibu na Bukavu; na huko Katana, jirani yake, hospitali ya Chuo Kikuu cha Louvain iliwatibu watoto wa bwaki. Wataalamu wa Kibelgiji, akiwamo Hubert Vis, walichunguza kwa miaka mingi vyakula vya kaya za Washi na Wahavu. Mwaka 1965 ilianzishwa Bukavu Kamati ya Kupambana na Bwaki, ambayo kwa jina lake lenyewe inaonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyokuwa kipimo cha umaskini. Utafiti huo ulifanyika kusini, mwendo wa siku kadhaa kutoka Butembo kwa barabara za wakati huo. Lakini mafundisho yaliyotokana nao yalipita katika vyuo vya wauguzi na hospitali za misheni, yakafika kaskazini.

Unga mweupe uliponya. Hilo halina ubishi: mtoto wa bwaki aliyelishwa maziwa kwa uangalifu hospitalini alipoteza uvimbe wake, akaanza tena kucheka. Lakini unga huohuo ulikuwa na kasoro. Ulipoondolewa mafuta, ulipoteza pia vitamini A, na ilichukua hadi katikati ya miaka ya 1960 kabla ya maziwa ya msaada kuanza kuongezewa vitamini hiyo. Ulipopelekwa nyumbani, ulikorogwa kwa maji ya kijito. Na baadhi ya watoto waliopewa maziwa mengi kwa haraka walizidi kuharisha badala ya kupona. Mama aliyeona hayo kwa macho yake hakuhitaji nadharia ili kuanza kushuku.

5.0 Sukari iliyomo ndani ya maziwa

Sababu mojawapo ya kuharisha huko ilielezwa katika nchi ya jirani. Kwa wafanyabiashara wa Butembo na Beni, Uganda ndiyo mlango wa karibu: barabara hushuka hadi Kasindi, huvuka mpaka na kuendelea chini ya milima ya Ruwenzori kuelekea Kampala. Huko, katika hospitali ya Mulago, kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto kiliongozwa katika miaka ya 1950 na daktari Rex Dean, na mwaka 1966 G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi uliobadilisha mjadala.

Maziwa yote, ya mama na ya mnyama, yana sukari iitwayo laktosi. Ili mwili uitumie, utumbo lazima uwe na kimeng'enya maalumu cha kuivunja. Cook na Kajubi waligundua kwamba wengi wa Waganda watu wazima waliopimwa walikuwa na upungufu wa kimeng'enya hicho, ilhali wengi wa watu waliotoka katika jamii za wafugaji, kama Watutsi na Wahima, walikuwa nacho. Ilidhihirika baadaye, kwa tafiti za sehemu nyingi za dunia, kwamba upungufu wa ukubwani ndio hali ya kawaida ya binadamu walio wengi, na kwamba kuendelea kumeng'enya laktosi maisha yote ni urithi uliostawi hasa katika jamii zilizofuga ng'ombe au ngamia kwa karne nyingi.

Ugunduzi huo ulikuwa na makali mawili. Kwa upande mmoja, uliwatetea watu wazima wa jamii za wakulima ambao waliambiwa kwamba kuyakataa maziwa ni ushirikina. Kwa upande mwingine, uliweza kueleweka visivyo. Watoto wachanga wa jamii zote, kwa kawaida, huzaliwa na kimeng'enya hicho, la sivyo wasingeweza kuishi kwa maziwa ya mama. Hupungua polepole baada ya umri wa kuachishwa ziwa. Kwa hiyo mtoto wa Kinande wa miezi saba anayeharisha baada ya uji wa maziwa hawezi kuelezwa kwa urithi wa wakulima peke yake. Kuna hali nyingine, ya muda, ambamo kuhara kwenyewe au utapiamlo hukwangua ukuta wa utumbo na kuondoa kimeng'enya hicho kwa siku au majuma kadhaa. Mtoto wa bwaki alikuwa katika hali hiyo hasa. Maziwa hayakuwa chanzo cha ugonjwa wake, ila yalifika mahali palipokwisha kuharibika.

Somo hilo limeingia katika tiba ya leo. Maziwa maalumu yanayotumika hospitalini kwa utapiamlo mkali hutolewa kwa hatua: ya kwanza, yajulikanayo kama F-75, yana laktosi na protini kidogo, ya pili, F-100, yana nguvu zaidi na hufuata mtoto anapotulia. Mganga aliyeagiza "kidogo kidogo" alikuwa karibu na ukweli kuliko mgawaji wa mifuko.

6.0 Kopo la dukani na uji wa nafaka

Wakati msaada ulipokuwa ukipungua, biashara iliongezeka. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na bidhaa zilizoingia kupitia Uganda na Kenya zilijumuisha maziwa ya makopo. Lililotokea hapa ni sehemu ya kisa cha dunia nzima. Cicely Williams yuleyule, akizungumza Singapore mwaka 1939, alikwisha kulaani vikali matangazo ya maziwa matamu ya kopo kwa akina mama. Mwaka 1974 shirika la Uingereza, War on Want, lilichapisha kijitabu kilichoyashutumu makampuni ya maziwa ya watoto. Mwaka 1977 ulianza Marekani mgomo wa kususia bidhaa za Nestlé. Na mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa bidhaa hizo kwa kura 118 dhidi ya 1, ya Marekani.

Katika nyumba ya mpangaji wa Butembo ubaya wa kopo haukuwa katika maziwa yenyewe. Ulikuwa katika chupa isiyochemshwa kwa kukosa makaa, katika maji ya chemchemi iliyoko bondeni chini ya vyoo, na katika vijiko viwili vilivyotiwa mahali pa vinne ili kopo lidumu mwezi. Tena unga wa maziwa ya watu wazima, ulio rahisi kupatikana kwa vipimo vidogo sokoni, huwekwa mahali pa maziwa ya watoto wachanga ingawa haukutengenezwa kwa ajili yao. Mtoto huharisha, na mama husema maziwa yamemkataa. Kauli yake ni ya kweli kwa alichokiona, ingawa mkosaji ni maji.

Wakati huohuo wazo la protini lenyewe lilikuwa likihojiwa. Mwaka 1974 Donald McLaren, aliyewahi kufanya kazi Mwanza, aliandika katika Lancet kwamba dunia ilikuwa imekosea kwa kuukuza upungufu wa protini na kusahau kwamba watoto wengi hawapati chakula cha kutosha cha aina yoyote. Kliniki zikaanza kugeukia vyakula vya mahali. Huko Mulago, kitengo cha Mwanamugimu, kilichofunguliwa mwaka 1965, kiliwafundisha akina mama kupika mchanganyiko wa vyakula vya shamba lao wenyewe. Rwanda ilipata unga wa sosoma, na mashariki mwa Kongo ukaenea unga wa masoso: mahindi, soya na mtama, kila jina la Kifaransa la nafaka hizo likitoa silabi yake. Kwa familia zilizoyashuku maziwa, masoso ulikuwa njia ya kumpa mtoto nguvu bila kugombana na kikombe. Ila uji huo hauponyi kila kitu, na soya nayo huweza kuwakataa watoto wachache.

7.0 Ebola na maziwa ya mama

Shaka juu ya maziwa ilifikia ukali usiopata kuonekana kati ya mwaka 2018 na 2020. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola uliogunduliwa Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 2,287 kufa. Eneo hilo lilikuwa limekwisha kuumia: tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vilikuwa vikikumbwa na mauaji ya raia, na watu wengi walikuwa wakimbizi katika ardhi yao. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Watu waliolindwa vibaya kwa miaka mingi hawakuona sababu ya kuwaamini walinzi wapya waliofika ghafla na magari.

Ugonjwa huu uliyageuza maziwa ya mama, ambayo yalikuwa kitu pekee kisichoshukiwa. Virusi vya Ebola huweza kuwamo ndani yake. Mama aliyethibitishwa kuugua alitakiwa kuacha kunyonyesha, na mtoto wake, hata kama mzima, kutengwa naye na kuangaliwa kwa siku 21. Huko Beni na Butembo UNICEF na washirika wake walifungua nyumba za kulelea watoto hao karibu na vituo vya matibabu. Walezi walikuwa wanawake waliopona Ebola, ambao kwa kinga waliyoipata waliweza kuwabeba watoto bila hofu ambayo wengine walikuwa nayo. Maziwa waliyowapa watoto wachanga yalikuwa ya viwandani, mengine yakiwa tayari kwa kunywa ili yasihitaji maji.

Ni vigumu kupata mfano bora wa mgongano wa historia nzima iliyoelezwa hapo juu. Kwa miaka mingi wauguzi walikuwa wamehubiri kwamba titi ni bora na kopo ni hatari, wakifuata ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa tangu mwaka 2001 wa kunyonyesha bila kuongeza kitu kwa miezi sita. Ghafla wauguzi haohao walisema kwamba titi la mama fulani linaua na kopo linaokoa. Aidha, akina mama wanaonyonyesha hawakuruhusiwa hapo mwanzo kupata chanjo. Ruhusa ilitolewa mwaka 2019, baada ya mjadala mrefu. Kwa miezi mingi, basi, mwanamke mwenye mtoto kifuani aliachwa nje ya kinga waliyopewa majirani zake. Mtoto aliyerudi nyumbani kutoka kituoni akiwa amezoea maziwa ya kiwandani, na ambaye mama yake alikuwa amekufa au maziwa yake yamekauka, alihitaji kitu ambacho bibi yake hangeweza kukinunua. Kila kuhara kwake kulikuwa na maana mbili: huenda ni maziwa, na huenda ni ule ugonjwa.

8.0 Mambo matatu katika kikombe kimoja

Historia hii inaruhusu kutenganisha yaliyofungwa pamoja. Jambo la kwanza ni mzio wa kweli: kinga ya mwili wa mtoto inaichukua protini ya maziwa ya ng'ombe kama adui. Huweza kujitokeza kwa dakika chache au saa mbili, kwa vipele, midomo kuvimba, kutapika, na mara chache kushindwa kupumua; au huja polepole, kwa kuhara na damu katika choo. Si jambo la kawaida: utafiti mkubwa wa Ulaya uliowathibitisha watoto kwa kuwajaribu chini ya uangalizi ulikuta chini ya mtoto 1 kwa kila 100. Wengi wao huushinda mzio huo wanapokua. Maziwa ya mbuzi, ambayo katika milima ya Wanande yangeonekana kuwa badala iliyo karibu, hayasaidii, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Jambo la pili ni utumbo kushindwa sukari ya maziwa, nalo halihusu kinga ya mwili. Kwa mtoto mchanga huwa ni la muda, likifuata kuhara au utapiamlo. Jambo la tatu ni uchafu wa maji, chupa na kikombe, au maziwa yaliyochanganywa vibaya. Katika mazingira ya Butembo na Beni, hili la tatu na lile la pili hushikana mikono: maji machafu huleta kuhara, kuhara huharibu utumbo, na maziwa yanayofuata huzidisha kuhara. Mama anaona maziwa tu, kwa sababu ndiyo yaliyotangulia choo cha mwisho.

Hatua zinazofaa hutofautiana kabisa. Mwenye mzio aondolewe maziwa ya ng'ombe, na kama ananyonya, aendelee kunyonya, wakati mwingine mama akijizuia na maziwa hayo katika chakula chake. Mwenye utumbo uliochoka apumzishwe kwa muda, kisha arudishiwe kidogo kidogo. Aliyekunywa uchafu atibiwe kuhara, na maji yachemshwe. Anayewapa watoto wote watatu jibu moja atawadhuru wawili kati yao.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba shaka ya akina mama wa Butembo na Beni juu ya maziwa ni kumbukumbu ya mambo yaliyotokea kweli. Inakumbuka kliniki zilizoharakisha kulikiza, unga wa msaada usio na vitamini, kopo lililotangazwa na kuchakachuliwa kwa umaskini, na titi lililokatazwa wakati wa Ebola. Kumwambia mama wa namna hiyo kwamba anajidanganya ni kuikana historia yake, naye hatarudi kituoni.

Kiswahili kina nafasi katika jambo hili. Ndiyo lugha ambayo mama wa Kinande na muuguzi aliyetoka Goma au Bunia hukutana nayo, lakini bado inauita ugonjwa wa kinga, uchovu wa utumbo na uchafu wa maji kwa kauli moja, na maziwa ya aina zote kwa neno moja. Neno mzio likitengwa kwa ajili ya ugonjwa wa kinga peke yake, bila kufuta maana yake ya zamani, litasaidia. Kauli "maziwa yamemkataa" haina budi kuheshimiwa nayo, ila ichukuliwe kama mwanzo wa mashauri. Yafuatie maswali ambayo bibi yeyote angeweza kuyajibu: ni maziwa gani, ya mama au ya ng'ombe, yalikorogwa kwa maji ya wapi, vipele vilitoka mara moja au kesho yake, na mtoto alikuwa akiharisha hata kabla ya kikombe hicho?